Moto wa Bondeni

12 Septemba

Bibi shamba Swaumu ametugawia madaftari leo, wakulima kumi na wawili wa kitongoji chetu. Anataka tuandike siku mvua inaponyesha, siku tunayopanda, mbegu gani, na wadudu wakiingia tuwaandike pia. Wenzangu walicheka, wakasema watoto watayatumia kuchora. Mimi nilifika kidato cha pili, na tangu niolewe sijashika kalamu ila kusaini ripoti za shule. Nimefurahi.

Naanza na sisi. Mimi naitwa mama Skola. Mume wangu ni Makarius. Binti yetu Skolastika yuko darasa la tano. Tunalima mihogo na mahindi huku juu, na mwaka huu Makarius amechukua kipande kipya bondeni, pori la nyasi tupu, apande maharage. Mvua bado. Vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi.

15 Septemba

Jua. Makarius anafyeka bondeni.

16 Septemba

Jua. Mchana upepo mkali.

18 Septemba

Jana sikuandika. Leo naandika kwa sababu siwezi kukaa bila kufanya kitu.

Jana saa nane mchana nilimpelekea Makarius chakula. Nilimkuta amekwisha kuwasha moto. Kijiji kimekataza kuchoma shamba bila kutoa taarifa, na anayechoma lazima kwanza afyeke njia pana kuzunguka, moto usivuke. Hakutoa taarifa. Njia aliyofyeka ilikuwa nyembamba kama ya mbuzi. Nilimwambia habari ya upepo. Akasema nyasi zimekauka vizuri, kwa nusu saa zitakuwa zimekwisha.

Upepo uligeuka. Moto ukavuka kijito kilichokauka, ukapanda upande wa pili, kwa mzee Ildefonsi. Tulikata matawi tukaupiga, lakini ulituzidi mbio. Mzee Ildefonsi alikuwa akiishi kwa bintiye Esteri, ila wakati wa kiangazi alishinda kule ng'ambo kwenye kibanda chake cha nyasi, akiwafukuza nyani kwenye mihogo aliyoanika. Miguu yake ilikuwa mibovu, alitembelea fimbo mbili. Hatukujua kama yumo. Tulidhani siku hiyo amebaki nyumbani.

Makarius alinishika mkono akaniambia nipite kijitoni nirudi nyumbani, na nisimwambie mtu kwamba nilifika huku. Nikapita. Yeye akazunguka kwa juu, akateremka pamoja na watu waliokuwa wakikimbilia moto, kama mmoja wao.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Niyomwungere, jirani yetu. Alikuwa anarina asali kwenye mizinga yake karibu na pale. Aliingia kwenye kibanda kinachowaka akamtoa mzee kwa mikono yake miwili. Mzee alikuwa amekwisha kufa. Wanasema ngozi ya mikono ya Niyomwungere ilitoka kama ganda la muhogo uliolowekwa.

19 Septemba

Tumemzika mzee Ildefonsi. Makarius alichimba kaburi tangu alfajiri, akakataa kupokewa jembe. Esteri alianguka mara mbili, nikasaidia kumshika. Tuliporudi, Makarius alikaa nyuma ya nyumba, akaniambia akimaliza matanga atakwenda mwenyewe kwa mtendaji kusema. Hakutaka kumfanyia Esteri fujo juu ya msiba. Nilimwelewa. Ni mtu mwema aliyefikwa na jambo baya. Nimekaa naye miaka kumi na mitatu, namjua.

21 Septemba

Polisi wamekuja kutoka Kasulu wamemchukua Niyomwungere.

Watu waliwaambia kwamba alikuwa na kienge cha moto cha kurinia asali, hivyo moto ni wake. Na kama si wake, alifikaje wa kwanza? Wakakosa pa kumtia pingu, mikono yote ilikuwa imefungwa vitambaa. Baba yake alitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Yeye alizaliwa hapa hapa, na cheti chake cha uraia amekitia kwenye plastiki, anakionyesha hata asipoulizwa. Siku zote watu wanamwita Mrundi akiwa hayupo. Leo wamemwita hivyo akiwepo.

Mkewe Akimana alilifuata gari mpaka kwenye mwinuko, mtoto mgongoni. Nilimtazama Makarius. Alikuwa anatazama viatu vyake.

22 Septemba

Jua. Matanga yamekwisha leo. Makarius hakwenda kwa mtendaji.

25 Septemba

Jua.

29 Septemba

Jumapili. Nimemuuliza Makarius lini. Akasema watamwachia tu Niyomwungere, hawana ushahidi, kwa hiyo hakuna haja ya watu wawili kuumia. Alisema polepole, akinimenyea muhogo. Nikala.

2 Oktoba

Mkutano wa kijiji. Mtendaji aliuliza kama kuna mwingine aliyechoma shamba siku ile. Watu mia na zaidi, hakuna aliyeinua mkono, nami sikuinua. Shamba letu la bondeni ni jeusi kama mengine yote kule, moto ulipita kote, hakuna awezaye kujua ulianzia wapi. Shemeji yangu Stanislaus, kaka yake Makarius, ndiye aliyesimama akasema mwenye moto anajulikana na amekwisha kukamatwa, tuzungumze habari ya mbolea. Tukazungumza habari ya mbolea.

9 Oktoba

Mvua ya kwanza, saa kumi jioni, kama dakika arobaini. Udongo umelowa nusu kiganja. Skola alitoka kucheza nayo.

10 Oktoba

Mvua. Majivu ya bondeni yameshuka kijitoni, maji yanapita meusi.

14 Oktoba

Tumepanda mahindi huku juu, mistari arobaini. Nilipomaliza nilikwenda kwa Akimana na debe la mbegu. Shamba lake halijaguswa, ana watoto wanne na mkubwa ana miaka minane. Tulipanda naye mpaka giza. Akaniambia mimi peke yangu ndiye niliyevuka uzio wake tangu siku ile. Alinishukuru kwa Kirundi, na Kirundi na Kiha chetu vinasikilizana, kwa hiyo sikuweza kujifanya sikusikia. Alimwomba Mungu anilindie mume wangu.



17 Oktoba

Mvua nzuri usiku kucha. Mahindi bado.

21 Oktoba

Mahindi yameota. Makarius anaimba akipalilia mihogo.

28 Oktoba

Leo nimejua jambo ambalo Makarius hakuniambia. Esteri ndiye aliyenieleza kisimani, akinipa pole kwa mume wangu kusumbuliwa. Wiki iliyopita polisi walikuja kuandika maelezo ya watu waliozima moto, mimi nilikuwa nimepeleka mihogo gulioni Heru Juu. Makarius ameandikisha kwamba alimwona Niyomwungere kwa macho yake akikitupa kienge kwenye nyasi.

Nilirudi na ndoo nusu. Nilimkuta anafunga mpini wa jembe. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema polisi waliuliza kwa kumzungusha, akaona akinyamaza watamshuku, maneno yakamtoka. Nikamwambia kunyamaza ni kitu kimoja na hiki ni kitu kingine. Akasema, "Kwani yeye ana nini cha kupoteza?"

Alisema hivyo akikaza kamba kwa meno. Nimekaa na mtu huyu miaka kumi na mitatu.

29 Oktoba

Mvua.

30 Oktoba

Mvua. Viwavi wameingia kwenye mahindi, upande wa mashariki.

3 Novemba

Akimana amekwenda mahabusu Kasulu kumtazama mumewe, mimi nilibaki na watoto wake. Alirudi mchana amelowa, akakaa chini bila kuvua kanga ya kichwani. Mkono wa kulia wa Niyomwungere umeoza. Hospitali wamekata vidole viwili. Kule ndani hawezi kushika bakuli.

Nilimpikia uji. Mtoto wake mdogo alikuwa amelala mapajani kwangu, nikaogopa kumpa mama yake kwa sababu nilidhani nikiinuka nitasema.

5 Novemba

Skola ameniuliza kwa nini simsalimii baba. Nikamwambia namsalimia. Akasema, "Unamsalimia kama mgeni."

8 Novemba

Mwenyekiti wa kitongoji amekuja na Stanislaus. Walikaa na Makarius mbele ya nyumba, mimi nilikuwa nachambua maharage mlangoni. Wanasema Akimana hataweza kulihudumia shamba lote, na maneno yapo kwamba familia ile itarudi kwao. Kwao wapi, hawakusema. Wameona sehemu ya chini, yenye rutuba, wampe Makarius ailime msimu huu isiwe pori, kwa kuwa yeye alishughulika sana na msiba. Nikasubiri Makarius akatae. Alifikiri kidogo, akauliza mpaka wake unaishia wapi.

9 Novemba

Asubuhi Makarius alinipa mbegu za maharage akaniambia nitangulie kule, yeye anapitia kwa Stanislaus kuazima jembe la pili.

Nilikwenda. Akimana alikuwa ameinama katikati ya shamba, analima peke yake, mtoto mgongoni. Aliponiona na jembe alitabasamu, akadhani nimekuja kumsaidia kama siku ile. Akanisogezea kibuyu cha maji. Sikuweza kumwambia nimetumwa kufanya nini. Nikashika mstari wa pili, tukalima bega kwa bega mpaka Makarius akatokea na jembe lake, akasimama ukingoni akitutazama.

Alimwambia Akimana uamuzi wa kitongoji. Alisema kwa upole kabisa. Akimana alimsikiliza akiwa ameshikilia mpini. Kisha hakumwuliza yeye, aliniuliza mimi: "Mama Skola, ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Aliokota kibuyu chake, akamwaga maji yaliyobaki, akaondoka. Nami niliacha jembe langu pale pale nikapita mbele ya Makarius bila kusimama.

10 Novemba

Jumapili. Sikwenda kanisani. Skola alipotoka na wenzake nilimwita Makarius ndani nikamwambia kesho nakwenda Kasulu, polisi. Nikamwambia twende wote, aseme mwenyewe, nitasimama pembeni yake na nitamletea chakula kila siku watakayoniruhusu. Asipokwenda nakwenda peke yangu.

Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa anipige. Alipiga magoti akanishika miguu, mtu ambaye sijawahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa. Akasema Skola ataitwa mtoto wa muuaji. Akasema Stanislaus atatufukuza kwenye nyumba hii, ni ardhi ya baba yao. Akasema hakukusudia, najua hakukusudia, nilikuwepo. Yote aliyosema ni kweli, na nililia pamoja naye. Tulilia kama watu wenye msiba mmoja.

Kisha nikamwuliza, "Tutakwenda?"

Mvua ilianza, akatoka kwenda kuwaingiza mbuzi.

11 Novemba

Naandika yote.

Niliamka saa kumi na moja, Makarius alikuwa amelala akitazama ukuta. Nilimgusa bega, hakugeuka. Nilichukua bodaboda, barabara tope tupu, tuliteremka mara tatu kuisukuma. Kituoni nilisubiri mpaka saa nne. Walinipeleka kwa askari wa kike, mtu mzima mwenye miwani. Nilipomwambia moto ni wa nani na mimi ni nani wake, aliweka kalamu chini.

Akasema, "Mama, sheria haikulazimishi kumsema mumeo. Bado sijaandika kitu. Ukitoka kwa mlango ule, mimi sijakuona."

Nilidhani nimekuja nikiwa nimeamua, kumbe nilikuwa nasubiri mtu anilazimishe. Nilitoka. Nilivuka barabara mpaka kijiweni pa bodaboda, kijana akaniuliza kama nakwenda Heru Juu, nikamwambia bado. Nilisimama pale chini ya bati, mvua inanyesha. Nikajaribu kuiona nyumba yangu, mimi na Makarius na Skola tumekaa tunakula, maharage ya shamba la Akimana yako sahanini. Niliona wazi kwamba ningeyala. Ningeyala kama nilivyokula ule muhogo. Mwaka mmoja, miwili, na ningezoea, na ningemwamkia Akimana njiani kama bado yuko. Hilo ndilo lililonitisha, kuliko Stanislaus, kuliko polisi.

Nikarudi ndani. Yule askari aliniangalia, akavuta karatasi. Tulimaliza saa nane.

Nyumbani Makarius hayupo. Begi halipo, na koti la mvua.

12 Novemba

Polisi wamekuja. Skola alisimama mlangoni akawaambia baba amesafiri. Nilimweleza walipoondoka. Hajasema nami tangu hapo.

14 Novemba

Stanislaus amekuja na ndugu wawili. Hakufoka. Alisema, "Shemeji, umetumaliza," akafungua zizi, akawachukua mbuzi wote saba. Nyumba ameniachia mpaka tuvune, kisha niende kwetu. Nikamwuliza na Skola? Akasema Skola ni damu yao.

17 Novemba

Jumapili. Kanisani hakuna aliyekaa kwenye benchi letu.

20 Novemba

Wamemkamata Makarius huko kijiji cha Muyama, kwa dada yake. Alikuwa anapalilia shamba lao. Wanasema hakukimbia, aliosha jembe kwanza.

25 Novemba

Mvua ya mawe. Mahindi ya mashariki yamelala yote.

2 Desemba

Napalilia peke yangu. Skola anasaidia akitoka shule, mstari wake mbali na wangu.

13 Desemba

Niyomwungere amerudi. Mashtaka yake yameondolewa. Nilimwona akipita barabarani na Akimana, amekonda, mkono umefungwa kifuani. Wale waliomwita Mrundi walitoka kumpa pole. Aliwapokea wote, akawapa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa shambani, hatua kama ishirini. Alinitazama. Akimana alimshika kiwiko wakaendelea.

Nilitegemea nini? Nadhani nilitegemea kitu. Mchana kutwa nilikuwa na hasira naye, na jioni nikaona haya. Kile nilichompa, ukweli, kilikuwa chake tangu mwanzo, nami nilimchelewesha miezi miwili, ikamgharimu vidole viwili.

25 Desemba

Krismasi. Wali kidogo. Skola amekula na mimi mkekani kwa mara ya kwanza.

4 Januari

Mvua imesimama siku sita. Majani ya mahindi yanajikunja.

9 Januari

Nimemwona Makarius mahabusu. Mara mbili za nyuma alikataa kutoka, leo alitoka. Tulizungumza kwa wavu, askari pembeni. Aliuliza habari ya mahindi, nikamwambia. Akauliza habari ya Skola, nikamwambia amekuwa wa tatu darasani.

Akaniambia tangu Niyomwungere atoke, yeye wamemhamishia chumba kile kile alichokuwa. Watu wale wale wamo. Hawakujua yeye ni nani, siku za kwanza walimsimulia habari za Mrundi mmoja aliyekuwa hapo, jinsi mkono ulivyonuka, jinsi alivyokuwa akiwaomba radhi kwa harufu. Kuna mzee aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko. Makarius amelala ubavuni pa mzee huyo karibu mwezi mzima. Juzi aliomba kuandika maelezo mapya.

"Nimewaambia yote," akasema. "Nimewaambia na kwamba tulimsikia."

Askari akasema muda umekwisha.

10 Januari

Nimeandika huko nyuma kwamba hatukujua kama mzee Ildefonsi yumo. Nimeurudia ukurasa ule leo. Si kweli. Niliuandika siku ya pili yake tu, katika daftari langu mwenyewe ambalo halisomwi na mtu, na nilidanganya. Polisi nao niliwaambia hivyo hivyo, na yule askari mwenye miwani akaandika.

Tulimsikia. Moto ulikuwa haujafika kwenye kibanda, ulikuwa kwenye mihogo iliyoanikwa. Aliita mara mbili, sauti ya mtu anayeita kutoka kitandani. Makarius aliniangalia nami nikamwangalia. Palikuwa na mwendo wa kama mita themanini, kwenye moshi. Pengine tungefika, pengine tusingefika. Niyomwungere alikuwa mbali kuliko sisi na alijaribu. Makarius ndiye aliyesema nipite kijitoni, lakini miguu iliyopita ilikuwa yangu.

Miezi hii yote nimejiona mimi ndiye niliyesimama upande wa haki, na yeye ndiye aliyeanguka. Kumbe yeye amesema kwanza, akiwa ndani, na mimi niko nje nahesabu mistari ya mahindi.

12 Januari

Mvua imerudi, nyepesi.

13 Januari

Nimekwenda kituoni kurekebisha maelezo yangu. Yule askari hakuwepo, alikuwepo mwingine. Ameandika, nikasaini. Akasema wataniita, na nisisafiri.

Nikiwa njiani kurudi niliteremka kwa Esteri. Alikuwa anapepeta unga barazani. Hakuwa amenifukuza tangu mambo yajulikane, wala hakuwa amenikaribisha. Sikukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yote, kijito, moshi, umbali, kwamba tulimsikia na tukaondoka. Aliendelea kupepeta mpaka nilipofika hapo, kisha ungo ukatulia mikononi.

Nilisubiri alie au anitukane. Aliniuliza, "Alimwita nani?"

Nikamwambia. Alimwita yeye, bintiye.